Mchoma Chokaa Aliyechorwa Yuda

Nuto mwana wa Lapo alikuwa mwoga, na hakuona aibu kulisema hilo. Aliogopa radi, aliogopa mbwa wa wachungaji, aliogopa watu wanaojua kusoma. Na kuliko vyote aliliogopa tanuri lake mwenyewe la chokaa, maana ndilo lililomuua baba yake siku lilipobomoka ubavu likiwa linawaka. Hata hivyo aliliwasha kila majira, kwa kuwa njaa nayo aliiogopa. Mji wa Montarvo, juu ya kilima chake huko Toscana, ulisimama kwa chokaa yake na ya baba yake.

Mawe mengine aliyachimba bondeni. Mengine aliletewa na wakulima, waliokuwa wakiyafukua walipolima mashamba ya mizabibu: vipande vya marumaru nyeupe, mkono wa mtu, paja la farasi, mara nyingine kichwa kizima. Vilikuwa vya sanamu za wapagani waliokaa nchi ile zamani, kabla ya Kristo. Marumaru huungua vizuri na kutoa chokaa laini kama unga. Baba yake alimfundisha kwamba kabla ya kutupa kichwa motoni afanye ishara ya msalaba, tena asikitazame machoni, maana mashetani ya kale bado yamelala mle. Nuto alilishika fundisho hilo miaka yote, na vichwa vilipopasuka ndani ya moto aliziba masikio.

Mkewe aliitwa Nanna, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo mpana. Walikuwa na binti mmoja, Lapa, aliyekuwa amechumbiwa na mtoto wa mfuma sufu. Aliyemshika Lapa siku ya ubatizo alikuwa Ghezzo mchinjaji, jitu la miraba minne ambalo kicheko chake kilisikika ng'ambo ya bonde. Tangu siku hiyo Nuto na Ghezzo waliitana mzazi mwenzangu, na hakuna sikukuu waliyokula mbalimbali.

Basi mwaka mmoja wazee wa kanisa wakamwita mchoraji kutoka Firenze, Fundi Salvestro, aje kuwachorea Karamu ya Mwisho ukutani. Mchoraji wa ukuta huanza na chokaa, kwa hiyo mtu wa kwanza aliyemtafuta alikuwa Nuto. Alimkuta akipanga mawe ya kuchomwa. Katikati ya mawe hayo kilikuwapo kichwa cha mzee mwenye ndevu, kimevunjika pua. Fundi alipokiona alikaa chini palepale vumbini.

"Hiki unataka kukifanya nini?" akauliza.

"Kukichoma, fundi. Ni jiwe zuri hilo. Litakupa lipu laini."

"Umeshachoma vingapi?"

Nuto akasema hajui, kazi hiyo aliikuta kwa baba yake. Fundi akakipakata kichwa kile, akaanza kupitisha kidole kwenye mikunjo ya paji la uso.

"Tazama," alisema. "Aliyechonga hiki alimkazia macho mtu. Mtu mmoja, mwenye jina lake na maradhi yake. Watu wa kale walijua kutazama, Nuto. Sisi tumesahau, na tunachoma ushahidi."

Akakiomba, na Nuto akampa, kwa sababu hakujua namna ya kumkatalia msomi. Lakini moyo wake haukutulia. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za baba yake, kichwa kilikuwa kimeondoka pale bila kuungua. Na kabla hajaondoka, fundi aligeuka akamtazama Nuto mwenyewe namna ileile alivyokitazama kichwa: nywele na ndevu nyekundu, pua iliyopindishwa na teke la nyumbu, nyusi zilizoungua zisiote tena. Nuto alijiona kama mbuzi sokoni.

Watakatifu wa zamani katika kanisa la Montarvo walichorwa juu ya dhahabu, sura zao zote zikifanana kama mayai ya kuku mmoja, na hakuna aliyewahi kuwaogopa. Fundi Salvestro hakutaka dhahabu. Alipiga msumari katikati ya ukuta, akavuta nyuzi kutoka pale kwenda kila upande, na kwa nyuzi hizo akachora dari na sakafu vilivyorudi nyuma hadi ukuta ukaonekana chumba. Mwanamke mmoja aliyeingia kusali alikimbilia nje akisema ukuta umetoboka. Halafu fundi akatoka mitaani kutafuta nyuso. Ghezzo alikaa mbele yake akachorwa, mwokaji mikate akachorwa, fundi viatu na mtoto wake wakachorwa. Nuto naye akaitwa.

Hakuambiwa yeye ni nani. Aliambiwa tu akae kwenye kigoda na autazame mlango. Akaukazia macho mlango huo kwa moyo wake wote, maana alitamani kutoka, huku kofia yake ameikamata mkononi kama inayotaka kumtoroka. Nyumbani Nanna aliamua kwamba mumewe atakuwa Mtume Andrea, na kisimani akawaambia wenzake wazoee kumwita mke wa mtume.

Siku ya Alhamisi Kuu turubai lililoufunika ukuta liliondolewa. Watu wakaanza kunyoosheana vidole: yule pale ni mwokaji, yule ni fundi viatu, na mtanashati Yohana ni mwanawe. Ghezzo alijiona yeye ndiye Petro, mkono wake mnene ukiwa mezani karibu na mkate, akafuta machozi kwa mkono huohuo. Nuto alijitafuta miongoni mwa mitume waliojipanga nyuma ya meza asijione. Nanna ndiye aliyemwona kwanza. Vidole vyake viliukamata mkono wa mumewe mpaka kucha zikazama.

Upande wa huku wa meza, peke yake, alikaa mtu mwenye ndevu nyekundu na pua iliyopinda, asiye na nyusi. Aliigeuzia meza mgongo na kuukazia macho mlango wa kanisa, yaani aliwatazama watu wote waliokuwa wameingia. Kofia ilikuwa imegeuka mfuko wa fedha, lakini mkono ulikuwa umeukamata vilevile.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha Nuto. Laiti wangalicheka, angalicheka nao.

Asubuhi yake alimwendea fundi, akamkuta anafunga mizigo. Alimwomba amchore mtu mwingine pale, mtu yeyote. Fundi akamkalisha na kumpa divai, akamweleza kwa upole, na Nuto alikumbuka maneno yake maisha yake yote, ingawa wakati ule yalipita juu ya kichwa chake kama ndege.

"Zamani walimchora Yuda na sura ya shetani," fundi alisema. "Mtu akimtazama anasema, mimi si huyo, anakwenda zake kulala. Mimi nataka atazame na kuona mtu. Mtu mwenye hofu, ambaye bado mlango u wazi mbele yake na anaweza kutoka. Nuto, mji mzima sikuona uso wenye hofu ya kweli kama wako. Sijakuchora kwa sababu wewe ni mbaya."

"Hilo umeniambia mimi, fundi. Nani atawaambia wao?"

"Watatazama. Watazoea kutazama."

"Wewe kesho uko Firenze," Nuto akasema. "Mimi ninabaki na ukuta."

Aliomba basi angalau arudishiwe kile kichwa cha marumaru akakichome, kwa kuwa aliamini balaa limetoka humo. Kichwa kilikwisha tangulia Firenze, kimefungwa ndani ya majani makavu. Fundi akaondoka kabla ya Pasaka.

Kutengwa kwake kulianza taratibu. Kanisani benchi alilokalia Nuto lilibaki na nafasi. Watoto walimfuata mtaani kimya kimya, na alipogeuka walikimbia wakipiga mayowe. Mwokaji alimwekea mkate juu ya jiwe la mlangoni badala ya kumpa mkononi. Mama wa mchumba wa Lapa alikuja na maneno laini, akazungumza habari ya mvua na habari ya kondoo, na alipoondoka uchumba ulikuwa umekwisha. Lapa hakumlaumu baba yake. Aliacha tu kumtazama usoni wakati wa kula, na Nuto aliogopa kumuuliza ni kwa sababu gani.

Kwa Nuto mwenyewe likatokea jambo jingine. Vichwa vya marumaru alivyoletewa hakuweza tena kuvichoma. Kila alipokishika kimoja alikumbuka maneno ya fundi: mtu mmoja, mwenye jina lake. Akawa anaviweka chini ya mtini uani, vinatazama ukuta, kwa kuwa bado aliyaogopa macho yao. Nanna alimwambia avizike. Akasema atavizika, asivizike.

Ndipo asubuhi moja akakuta kamba imefungwa kwenye tawi la mtini ule, na kitanzi mwishoni. Yuda alijinyonga, kila mtu anajua. Nuto alisimama chini ya kamba ile mpaka miguu ikafa ganzi. Aliyeifunga alikuwa ameingia uani kwake, amepita mlango wa chumba alicholala binti yake. Nanna alikuja na kisu, akaikata na kuitia jikoni chini ya chungu cha dengu.

"Tutaipikia," alisema. Lakini sauti yake haikuwa ya mzaha, na dengu siku ile hazikuliwa.

Jumapili iliyofuata macho ya Yuda ukutani yalikuwa yamechokolewa kwa ncha ya kisu, mashimo mawili meupe. Wiki hiyohiyo, akizima chokaa kwa maji kama alivyofanya maisha yake yote, Nuto alirukiwa usoni na chokaa iliyochemka. Nanna alimwosha kwa mafuta ya zeituni, na Nuto akalala amefungwa kitambaa machoni akiwaza jambo moja tu: ukuta ukifanywa hivi, nami nafanyika hivi. Kitakachofuata ni shingo? Jicho la kulia lilipona. La kushoto lilibaki na ukungu, na kuanzia hapo akawa hapiti mbele ya kanisa.

Kiangazi tauni ikaja. Ilianzia kwa wasafirisha sufu, ikaingia mtaa wa watengeneza ngozi, ikapanda kilima. Watu walitokwa na majipu makwapani, na kabla ya Jumapili kurudi walikuwa wamekwisha. Wenye nafasi walikimbilia mashambani. Wengine walibaki wakitafuta sababu, na kila mtu alijua sababu inakaa wapi: nje ya lango la chini, kwenye tanuri.

Walikuja adhuhuri, jua likiwaka. Nuto aliwaona kwa jicho lake moja wakishuka njia, wengine na nyundo, wengine na majembe, na mbele yao Ghezzo. Alimwambia Nanna na Lapa waingie ndani wafunge mlango. Yeye akabaki nje, si kwa ushujaa, bali kwa sababu miguu ilimkatalia.

"Mzazi mwenzangu," alisema, "karibu."

"Usiniite hivyo." Ghezzo hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kukosa usingizi. "Mwokaji amekufa leo. Ni wa nne sasa kati ya tuliokaa kwenye ile meza. Unatuita mmoja mmoja, Nuto?"

"Mimi simwiti mtu. Ninaogopa kama nyinyi."

"Muongo. Ona hivi!"

Alikuwa ameviona vichwa chini ya mtini. Watu wakarudi nyuma, wakafanya ishara ya msalaba. Mmoja akasema hii ndiyo ibada yake, anakaa na mashetani na kuyapa chakula. Mwingine akaulizia kamba. Nuto alilisikia neno hilo, akajikuta anautazama mtini, akipima tawi kwa macho kana kwamba si yeye anayezungumziwa.

Aliyemwokoa alikuwa Padri Cenni, mzee aliyekuja nyuma yao akihema, na hakumwokoa kwa huruma. Aliwauliza jambo moja tu: maiti za jana bado ziko mlangoni mwa kanisa, na shimo la kuzikia liko wazi, nani mwingine anajua kuchoma chokaa ya kuzifunikia? Watu wakatazamana. Hakuwapo mwingine. Basi wakakubaliana kwamba Nuto aishi, achome, na aipeleke chokaa shimoni yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliye tayari kulikaribia. Ghezzo akavibeba vile vichwa kimoja kimoja na kuvitupa ndani ya tanuri kwa mikono yake. Moto ulipokolea vikaanza kupasuka. Safari hii Nuto hakuziba masikio, kwa sababu watu walikuwa wakimtazama.

Kiangazi chote alishuka shimoni na nyumbu wake. Alifunga kitambaa chenye siki puani, akamwaga unga mweupe juu ya watu aliowajua kwa majina, akirudi nyumbani alilala bandani ili asiwaletee ugonjwa watu wake wa ndani. Nanna alimwekea chakula kwenye kizingiti, na walizungumza kwa mbali, kila mmoja akisikiliza iwapo sauti ya mwenzake inakwaruza. Kila asubuhi Nuto alijipapasa makwapa akitafuta jipu. Tauni haikumjia. Akaanza kuogopa kutokuja kwake, maana alijua watu watasema nini.

Padri Cenni alikufa. Fundi viatu na mwanawe walikufa siku moja. Kutoka Firenze habari zikaja kwamba Fundi Salvestro amekufa pia. Mwisho wa joto, mkokoteni ukamleta Ghezzo, na ulihitaji watu wawili kumteremsha hata katika hali ile. Nuto alikaa ukingoni mwa shimo muda mrefu. Alijaribu kuwa na hasira akashindwa. Akammwagia chokaa polepole, akianzia miguuni, ili uso uwe wa mwisho.

Baridi ilipoanza tauni ikaondoka. Hakuna aliyekuja kumwomba msamaha Nuto, naye hakutegemea. Waliokuwa hai walimwamkia kwa mbali, wakishangaa, wengine wakiogopa zaidi kuliko mwanzo: katika nyuso zote za ile meza, uliobaki juu ya ardhi ulikuwa wake peke yake.

Siku moja asubuhi mjane wa Ghezzo, Mea, akabisha hodi. Nuto alifikiri amekuja kwa shari. Mea alisimama na shela lake mkononi, akasema kwamba wanawake wanakwenda kanisani kuwatazama waume zao. Hakuna aliyekuwa na picha ya mtu wake nyumbani, nani angekuwa nayo? Lakini wale wako pale, na kila kunyanzi lao. Yeye ameshindwa kuingia. Amefika mlangoni mara kadhaa na kurudi.

"Twende wote, baba Lapa," alisema. "Peke yangu naogopa."

"Hata mimi naogopa, shemeji."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Walikwenda. Ndani walikuwapo wanawake wamekaa sakafuni chini ya ukuta, mmoja akimsimulia mwokaji habari za tanuri lake la mikate. Mea alimtazama Petro na mkono wake mnene karibu na mkate, mabega yakamtikisika. Kisha akanyoosha kidole kwenye yale mashimo mawili meupe.

"Aliyatoboa yeye," alisema. "Kwa kisu cha buchani. Alisema unamtazama kama unayeijua siku yake."

Nuto alikuwa akijitazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. Aliona mtu aliyekaa peke yake anayetamani sana kutoka, na akamwonea huruma kama ambavyo angemwonea mtu mwingine yeyote.

Padri mpya aliyeletwa Montarvo alikuwa kijana, msomi, mwenye kutaka amani. Alisikia manung'uniko, akaamua ile sura ya Yuda ipakwe chokaa. Akamwita Nuto na kumwagiza alete ndoo moja ya chokaa laini, akidhani anamfanyia hisani. Wanawake walisikia wakaja, Mea mbele, kwa kuwa waliogopa kwamba brashi ikianza haitajua pa kusimama. Leo Yuda, kesho nani.

Nuto aliivua kofia yake. Mbele ya msomi yule aliikamata kama siku ile alipochorwa.

"Padri, chokaa ya kazi hiyo sina," alisema.

"Tanuri lako linawaka. Nimeona moshi nilipokuja."

"Linawaka, ndiyo. Lakini ya kumfuta mtu sina." Akaunyooshea ukuta kofia yake. "Uso ule ni wangu, padri. Ninauogopa kuliko unavyouogopa wewe. Uache."

Padri alitazama wanawake, akatazama ukuta, akasema watalizungumza baada ya Noeli. Baada ya Noeli hakulitaja tena.

Lapa aliolewa na mwenye nyumbu wa bonde la pili, mtu asiyejali picha. Nuto alikufa miaka mingi baadaye, kitandani mwake, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Radi ilikuwa ikipiga, na alimwomba Nanna afunge dirisha. Baada ya maziko Lapa aliwapeleka watoto wake kanisani kumwona babu. Mdogo wao alimtazama yule mtu asiye na macho, akauliza kwa nini babu hakai na wenzake. Lapa akamwinua juu ili aone vizuri zaidi, akasema hajui, labda alikuwa karibu kuondoka.